Mgonjwa wa Sonona Naye Apelekewe Sufuria

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alitangaza madhabahuni kwetu kwamba Mkristo aliyejaa Roho Mtakatifu hawezi kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu. Kanisa zima, "Amina!" Akaongeza: wanaomeza vidonge vya mawazo wakavitupe chooni, wapokee uponyaji kwa imani. Vyangu vilikuwa kwenye pochi, vimebanwa kati ya Biblia na bahasha ya sadaka. Sikuvitupa. Kwanza nimevinunua kwa hela yangu. Pili, mtumishi mwenyewe alikuwa amevaa miwani, nikaona imani yake bado haijafika machoni.

Nacheka, lakini nina hasira. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa hadi zifanye kazi, na ukiziacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, na ugonjwa kurudi. Anayezitupa leo anaweza kujisikia vizuri Jumapili ijayo, akashika maiki na kushuhudia. Akianguka baadaye, mhubiri yuko mkoa mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa kanisa tunajua kabisa namna ya kumhudumia mtu aliyevunjika moyo. Tazama msiba. Kabla maturubai hayajafungwa, akina mama wameshafika na masufuria. Mmoja anachambua mchele, mwingine anaogesha watoto wa mfiwa, vijana wanabeba viti. Usiku watu wanalala mkekani na wafiwa, na wengi hawasemi kitu zaidi ya "pole". Hakuna anayemuuliza mjane kama analia kwa sababu haombi vya kutosha.

Mtu yuleyule akipata sonona, tunamtumia mistari kwenye simu. "Furahini katika Bwana siku zote," saa kumi na moja alfajiri, na picha ya maua. Akiacha kwaya tunasema amepoa kiroho, kumbe hata kuoga kunamshinda.

Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Waliharibu walipoanza kuhubiri. Na Eliya, nabii aliyeshusha moto Karmeli, alilala chini ya mretemu akamwomba Mungu aiondoe roho yake. Malaika hakumkemea pepo. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akaja mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." (Timotheo naye, kwa tumbo lake na magonjwa ya mara kwa mara, Paulo alimwagiza mvinyo kidogo. Mkesha hakumwandalia.)

Haya, nikiri: maombi yananisaidia. Zipo siku nimebebwa na maombi ya wengine nikiwa siwezi hata kusema "Baba yetu". Lakini walioniombea vizuri ndio haohao walionisindikiza kliniki na kukaa na mimi kwenye benchi mpaka niitwe. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja akafagia, akapika uji, akafua sare za watoto, akaondoka. Baadaye akaniomba radhi eti alisahau kuniombea.

Na jambo la kujiua tuache kulinong'ona. Kumuuliza mtu waziwazi, "Dada, unafikiria kujiua?" hakumpandikizii wazo hilo. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba; sisi Tanzania bado tumeliweka kwenye Kanuni ya Adhabu, halafu tunashangaa watu wanaficha. Ukimuuliza akajibu ndiyo, usibishane naye habari za jehanamu. Usimwache peke yake. Mwondolee vitu vya hatari, waite ndugu zake anaowaamini, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Maombi yafanyikie ndani ya bajaji.