Umeme umekatika, taima inaendelea na kazi

Jamani hivi hizi taima za kuzungusha kwa mkono zimewekwa kumkomoa nani? Nasemea ile nobu ya kwenye feni ya kusimama, unaizungusha mpaka 120 inaanza tiki tiki tiki. Ile haitumii umeme hata kidogo. Ndani mna springi, ukizungusha unaikaza, halafu kuna vigurudumu vya meno na kadude kanachezacheza kanaruhusu jino moja moja lipite, springi inalegea taratibu, ikifika sifuri inakata moto, feni inazima. Ufundi safi sikatai.

Sasa njoo Dar, mwezi wa pili, usiku, joto la kuvua mpaka shuka. Naweka 120 maana luku haijazi yenyewe, nasinzia, umeme huo unakatika. Feni kimya. Taima je? Tiki tiki tiki! Inahesabu nini na mapanga hayazunguki?? Umeme unarudi, friji linanguruma, watoto wa jirani "huyooo!", taa ya nje hiyo inawaka, feni yangu imenuna, maana mheshimiwa taima kashamaliza zamu gizani na kwenye hesabu zake mimi nimeshapepewa.

Mama watoto ananiambia Baba Zuu si uzungushe kushoto kwenye ON ikeshe. Ikeshe, yuniti anunue nani, mjomba wake?

Oveni ndogo ya mezani ndo kabisa. Keki imeingia, umeme ukaondoka katikati, tumekaa tunasubiri urudi, mara "ting!" kengele safiii, watoto mbio na sahani, kufungua ni uji. Uji una zabibu kavu.

Eti kuna Muitaliano, Francesco Cirillo, mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi alichukua taima ya jikoni yenye umbo la nyanya, akawa anasoma dakika 25 kisha anapumzika, leo watu kibao duniani wanamuiga. Hongera zake, yeye ilimhesabia akiwa anasoma kweli, mimi inanihesabia jasho.

Nikamuuliza fundi, hamna taima inayosimama umeme ukikatika? Akasema zipo feni za kubonyeza, za rimoti, ila nyingi umeme ukikatika zinasahau kila kitu, ukirudi feni haiwaki mpaka uamke uibonyeze. Halafu akanidai buku mbili ya ushauri.