Honda ya Kihonda na jogoo aliyemeza dhahabu

Aisee wakuu, mtacheka, najua, ila mimi siku ile sikucheka kabisa.

Kazi yangu ni uwakala wa pesa za simu, nina kibanda huku Kihonda, Morogoro. Spana nazijua kwa sura tu. Sasa mjomba alipostaafu akaniachia pikipiki yake, Honda CG125 ya zamani, ilikuwa imekaa chini ya mwembe kwake kama miaka minne hivi na tanki lina mafuta yaleyale aliyoweka siku ya mwisho kuiendesha. Nikaisukuma mpaka home jasho linatoka lakini moyo mweupe, yaani mtu anakaa Kihonda anamiliki Honda, nikaona hii Mungu mwenyewe kaipanga.

Nikamwaga mafuta ya zamani, nikaweka mapya, plagi mpya, nikapiga kiki kama thelathini. Ikawaka! Ila mpaka uweke choki, ile ya kubana hewa ili petroli izidi. Ukitoa choki inakata. Ukiweka inaunguruma, ukitoa inakata, kama kale katoto kanakolala umekabeba, ukikalaza tu kameamka. Fundi wa kijiwe cha boda pale jirani hata hakuigusa, alisikiliza kwa mbali huku anatafuna muhogo wa kukaanga akasema, "Silojeti hiyo imeziba, kaka. Nifungue kabureta nisafishe, utanipa buku kumi."

Shilingi 10,000 kwa kuzibua kitobo? Nikamwambia ngoja nijipange. Usiku nikaingia YouTube, bando la usiku lote likaishia kwenye kabureta, asubuhi nikaamka injinia.

Na kweli kitu chenyewe ukikielewa sio cha kutisha. Wahenga wenzangu mnaikumbuka ile pampu ya bati ya dawa ya mbu, yenye kopo kwa chini? Unasukuma mpini, upepo unapita kwa kasi juu ya kijibomba, dawa inapanda yenyewe inatoka kama ukungu. Kabureta ndo hivohivo, ila badala ya mkono wako kuna pistoni inavuta hewa. Hewa ikifika pale penye shingo nyembamba inakimbia, presha inashuka, petroli inanyonywa kupitia vitobo vya shaba vinavyoitwa jeti. Kubwa ya mwendo, ndogo ya sailensa, yaani injini ikiunguruma taratibu bila kuvuta mafuta. Hiyo ndogo ndo silojeti, kitobo chake hakifiki hata nusu milimita, kwahiyo petroli ikikaa miaka inageuka gundi na gundi kidogo tu inatosha kuua pikipiki nzima.

Halafu nikasoma pia kwamba Honda walianza kuuza CG mwaka 1976 makusudi kwa ajili ya nchi ambazo watu hawana mpango wa kumwaga oili kwa wakati, wakatoa hadi cheni ya taimingi wakaweka fito za kusukuma valvu ili injini isisumbue. Yaani Wajapani walikaa kikao wakamfikiria mtu mzembe kuliko wote duniani, wakaunda injini ya kumvumilia. Mimi hawakunifikiria.

Basi Jumamosi waifu katoka kwenda sokoni, nikatandika gunia uani, nikashusha kabureta. Skrubu mbili za bakuli nikazila vichwa maana bisibisi yangu ya nyota ilikuwa ya kufungulia redio. Ndani harufu ilikuwa kama ya rangi ya mlango, na jeti zote zina utando wa kijani. YouTube walisema chemsha kwenye maji ya ndimu. Nikakamua ndimu zote za ndani, nikatoa vitu vya plastiki na raba kama walivyoelekeza (hapo nilijiona mtu makini sana), nikachukua sufuria la waifu, lile kubwa la pilau, nikabandika. Nusu saa. Mchuzi ukawa wa kijani kama mlenda. Dogo wangu wa miaka mitano alikuwa amekaa pembeni anaangalia, akaniuliza, "Baba, na ugali?"

Nikaosha kila kitu kwa maji, nikapuliza vitobo kwa mdomo, nikasugua jeti kwa mswaki na dawa ya meno mpaka zikang'aa. Zikang'aa kwelikweli. Sasa nikahitaji kitu kipana cha kuanikia vikauke, macho yakatua kwenye ungo wa mama mwenye nyumba umening'inia ukutani. Nikauazima kimoyomoyo. Nikavipanga vitu vyangu vyote juani, jeti, sindano, springi, nikavihesabu, 11. Nikaingia ndani kujibu simu ya mteja aliyetuma hela kwenye namba siyo.

Wewe uliyekulia kwenye nyumba yenye kuku umeshaona kosa lilipo. Ungo, juani, uani, na chenga za mchele bado zimenasa pembeni.

Mama mwenye nyumba ana jogoo mwekundu mkubwa anaitwa Diwani, kwa sababu kila asubuhi anapita kila mlango kupiga kelele halafu haumuoni tena mpaka kwenye msosi. Natoka nje namkuta Diwani kasimama katikati ya ungo, mguu mmoja juu ya springi, ananiangalia kwa jicho moja. Nikamtupia kandambili. Nikahesabu. 10. Nikahesabu tena. 10. Silojeti hakuna.

"Dogo, umeona kitu kidogo hapa?"

Dogo akajibu kwa sauti ya kipaza sauti cha msikiti, "Diwani amekula kile cha dhahabu!"

Jamani. Nyumba yetu ina wapangaji wanne, na ukuta wa nyuma tunachangia na saluni. Neno "dhahabu" lilipita ule ukuta kabla sijamfunga mdomo mtoto. Baada ya dakika kumi uani kuna watu saba, wawili wana rola kichwani, na mama mwenye nyumba katoka chumbani na kanga mbili kama anaenda msibani.

"Shikamoo mama," nikaanza kinyenyekevu.

"Marahaba mwanangu. Nasikia jogoo wangu kameza dhahabu."

"Sio dhahabu mama, ni shaba tu, jeti ya kabureta."

"Ya nini?"

"Ya pikipiki."

Akaiangalia ile Honda imeegemea ukuta, kiti kimechanika, taa imefungwa na mpira, kisha akaniangalia mimi. "Na kitu cha pikipiki hii ndo unakitolea jasho hivyo?"

Na hapo ndo nilijimaliza, maana nilisema naomba kumnunua Diwani. Jogoo kama yule mtaani ni 25,000, nikatoa ofa hiyo papo hapo bila kubembeleza bei. Mwanaume asiyebembeleza bei ya kuku! Hata mimi ningenishuku. Wale wa saluni wakaanza kunong'ona, mmoja akasema shemeji yake alikuwa Geita huko machimboni na punje ya dhahabu ya kweli ni ndogo hivyohivyo. Bei ikapanda mpaka 60,000. Nikasema basi tusubiri atoe mwenyewe kwa njia ya kawaida, mpangaji mmoja akanipa elimu kwamba firigisi haiachii kitu kigumu, kuku anakitunza humo kinamsaidia kusaga mahindi, unaweza kusubiri mpaka Krismasi. Nikaona silojeti yangu inasagwa humo ndani saa hizi ninavyoongea.

Akaitwa mjumbe. Mjumbe akaleta kiti, akakaa, akataka asimuliwe upya toka mwanzo, akauliza kabureta ni nini, nikarudia habari ya pampu ya mbu, akafurahi sana akasema hizo pampu alikuwa nazo. Hukumu yake: nilipe 45,000, jogoo achinjwe hapohapo mbele ya mashahidi, kikitoka chuma ni changu, ikitoka dhahabu tunagawana mimi na mama mwenye nyumba. Na yeye mjumbe asisahaulike.

Mzee wa nyumba ya pili akaja akachinja. Sijawahi kuona kuku ananyonyolewa na kamati. Firigisi ikawekwa kwenye sahani, mjumbe mwenyewe akashika kisu, watu wakasogea mpaka jua likakatika. Ikafunguka: kokoto, punje za mahindi, kipande cha kigae, kifungo cha blauzi (mmoja wa saluni akapiga kelele "changu hicho!") na katikati ya uchafu wote huo, silojeti yangu inang'aa kuliko ilivyong'aa na dawa ya meno.

Mjumbe akaisuuza, akaipima mkononi, akaiuma kwa jino. Kimya.

"Hii shaba," akasema, kwa uchungu kama yeye ndo kalipa.

Watu wakatawanyika bila kuaga. Mama mwenye nyumba akazihesabu zile 45,000 mara mbili, akanipa pole.

Sasa hasira zikanipanda nikasema leo hii inawaka. Nikazibua silojeti kwa unyuzi mmoja wa waya wa spika, nikafunga bakuli na zile skrubu zisizo na vichwa, nikaingiza slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukizungusha mkono wa mafuta, nikarudisha kabureta, nikafungulia koki, nikapiga kiki. Ya kwanza tu!

Ila haikuunguruma, ilipiga ukelele. Resi yote, mwisho, bila kuguswa. Moshi, vumbi, mitetea ya mama mwenye nyumba ikaruka ukuta ikaingia saluni. Nazungusha mkono wa mafuta kurudisha, haurudi. Nazima swichi, nakumbuka swichi ilikufa mimi mwenyewe nimeunga waya moja kwa moja. Nikaona hapa injini inapasuka inaniachia deni la Diwani bure, nikashika kepu ya plagi nikaing'oa kwa mkono mtupu. Ile shoti niliyopigwa sijui niielezeje, nilijikuta nimekaa chini na kepu mkononi, kimya kimetawala, na mbele yangu kasimama yule fundi wa kijiweni na muhogo wake.

"Slaidi umeigeuza, kaka," akasema. "Pale palipokatwa paangalie ea klina. Ukigeuza haishuki, resi inabaki juu."

Akachuchumaa, akafungua kifuniko cha juu, akageuza, akafunga. Kiki moja. Akachezea skrubu ya hewa kidogo, sailensa ikatulia tuli, choki imetolewa na haikati, unaisikia inahesabu kama saa ya ukutani. Dakika kumi sijui kama zilifika.

"Shilingi ngapi, fundi?"

"Si nilishakwambia, buku kumi."

Nikampa. Akauliza mbona uani kuna manyoya mengi hivi, nikamsimulia. Alicheka mpaka akaweka muhogo chini. Akasema, "We kaka, si ungekuja tu? Hizi bodaboda za kichina nyingi injini yake ni kopi ya hiyo CG yako, silojeti za kabureta hizi ninazo kopo zima la Blue Band. Ningekupa bure."

Waifu akarudi saa moja jioni akakuta kuku mzima kashanyonyolewa, akafurahi, hakuuliza maswali mengi, mwanaume kuleta kuku bila sikukuu ni jambo la kushukuru tu. Akachukua sufuria kubwa la pilau akabandika supu. Sufuria nilishalisugua kwa mchanga na sabuni mara tatu, kwahiyo nikakaa kimya.

Tumekaa mkekani, waifu kaonja kijiko cha kwanza, akasimama hapo. Akaonja cha pili.

"Hii supu mbona ina ndimu? Mimi sijaweka ndimu. Na ndimu zangu zenyewe sizioni."

Dogo akainua kichwa, macho yamemtoka, mdomo umeanza kufunguka. Kwetu firigisi ni ya baba, hailiwi na mtu mwingine, hata bibi yangu aliliheshimu hilo. Nikaichukua kwenye sahani yangu nikamtia mdomoni nzima nzima.