iPad mini: udogo unaofaa mkononi na unaobana mezani

Mjadala kuhusu vishikwambi vidogo huendeshwa mara nyingi kana kwamba swali ni moja tu, yaani iwapo kifaa ni kizuri au kibaya, ilhali swali lenye manufaa kwa mnunuzi ni kazi gani anataka kuifanya kwa kifaa hicho, na iwapo ataifanya akiwa ameketi mezani au amesimama. iPad mini ya Apple, ambayo toleo lake la sasa lilitangazwa tarehe 15 Oktoba 2024, inafaa sana kupimia suala hili. Vishikwambi vingi vya ukubwa wake hupunguziwa kioo pamoja na kila kitu kingine, kuanzia prosesa hadi ubora wa kamera, ili viuzwe kwa bei ya chini. Hiki kimepunguziwa karibu kioo peke yake, kwa hiyo anayekichunguza huweza kuona faida na hasara za udogo wenyewe bila kuzichanganya na kasoro za kifaa duni.

Kampuni hiyo haikuanza kwa kuuamini udogo. Oktoba 2010, Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, aliwaambia wachambuzi wa masoko kwamba kioo cha inchi 7 kilikuwa na eneo la asilimia 45 tu ya kioo cha iPad, kwamba hakikutosha kwa programu za maana, na kwamba watengenezaji wangelazimika kuwapa wateja msasa wa kuchongea vidole. Miaka miwili baadaye, Amazon ikiwa imeshaingiza sokoni kishikwambi cha Kindle Fire, na Google cha Nexus 7, vyote kwa dola 199, Apple nayo ilitoa iPad mini ya kwanza yenye kioo cha inchi 7.9, uzito wa gramu 308 na bei ya dola 329. Hoja ya Jobs haikuwa ya kupuuzwa, na kama tutakavyoona, sehemu yake ingali na nguvu hadi leo. Upungufu wake ulikuwa kudhani kwamba watu wote hukitumia kishikwambi kwa namna ileile.

Toleo la sasa lina kioo cha inchi 8.3, uzito wa gramu 293, unene wa milimita 6.3 na upana usiofika milimita 135. Kwa maoni yangu, upana huo ndio tarakimu muhimu kuliko zote katika orodha ya sifa zake, kwa sababu ndio unaomwezesha mtu mzima kukikamata kwa mkono mmoja, gumba likiwa upande huu na vidole vingine upande ule, huku mkono wa pili ukiwa huru kuandika, kufungua mlango au kushika chombo kingine. iPad ya kawaida ya inchi 11, ambayo uzito wake unakaribia gramu 480, hushikika hivyo kwa muda mfupi tu kabla mkono haujachoka na mtu hajatafuta mahali pa kuiegemeza. Tofauti ya gramu mia na themanini inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa anayekishika kifaa saa nzima ndiyo inayoamua kama kitatumika au kitaachwa nyumbani.

Ndiyo maana kishikwambi hiki kimependwa sana na watu ambao kazi zao haziwapi meza. Marubani wa ndege ndogo hukifunga kwenye paja na kusoma ramani za anga kupitia programu kama ForeFlight, kwani katika chumba cha rubani kioo kikubwa huziba usukani au vipimo vilivyo mbele yake. Daktari anayepita wodini huweza kukitia katika mfuko wa koti lake. Sisi wenyewe tuliiona thamani ya kifaa cha kushikwa mkononi wakati Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022 zilipofanya sensa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Havikuwa vya Apple, lakini sababu ni ileile: karani anayekwenda nyumba kwa nyumba, akihoji watu mlangoni au chini ya mwembe, anahitaji kioo kinachotosha kuonyesha swali zima na chepesi cha kubebwa kutwa.

Matatizo huanza pale mtu anapoketi kusoma au kuandika kwa kina, na hapa inafaa kupima badala ya kukisia. Kioo cha iPad mini kina upana wa takriban milimita 116 na urefu wa takriban milimita 177, wakati ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Ukurasa huo ukionyeshwa mzima, hupungua hadi asilimia 55 ya ukubwa wake, na herufi zilizopigwa chapa kwa pointi 12 huonekana kama za pointi 6 au 7, ambazo ni herufi za karatasi ya maelekezo inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Kwenye iPad ya inchi 11 ukurasa uleule hubaki na asilimia 75 ya ukubwa wake, na herufi hizo huwa kama za pointi 9, ukubwa ambao macho ya watu wengi huuvumilia. Ni kweli kwamba iPad mini ina pikseli 326 kwa kila inchi, kwa hiyo herufi zake hutoka kali sana. Lakini ukali hauikuzi herufi, na msomaji aliyevuka umri wa miaka arobaini atalihisi jambo hili mapema kuliko mwanawe.

Watetezi wake husema kwamba dawa ni kukilaza kifaa, kwani hapo upana wa kioo huwa milimita 177 na ukurasa wa A4 hufikia asilimia 84 ya ukubwa wake halisi. Wanasema kweli, ila msomaji huwa anauona ukurasa kwa vipande, na hilo halisumbui katika barua au ripoti yenye maandishi mfululizo, bali husumbua mno katika makala ya kitaalamu yenye safu mbili, katika hesabu ambazo swali liko juu na mchoro uko chini, na katika mitihani ya miaka iliyopita ambayo wanafunzi wetu hutumiana ikiwa imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Wasomaji wetu wengi husoma hasa nyaraka za namna hii: maelezo ya wahadhiri, hukumu za mahakama, matangazo ya zabuni, fomu za serikali, zote zikiwa za A4. Kwa riwaya na vitabu vya kielektroniki ambavyo herufi zake hukuzwa na kujipanga upya, kifaa hiki ni kizuri kuliko kikubwa, maana hushikika kama kitabu chenyewe. Mnunuzi basi aanze kwa kuangalia kile anachokisoma kwa wingi.

Kuandika nako kuna pande mbili. Kwa mkono, kwa kutumia kalamu ya Apple Pencil Pro ambayo huuzwa peke yake kwa dola 129, iPad mini ni daftari zuri la mfukoni, na mwandishi wa habari au fundi anayechora vipimo kwenye eneo la ujenzi hatakosa nafasi. Kwa kuchapa, hali ni nyingine kabisa. Apple haijaitengenezea kibodi maalumu, na kibodi ya kwenye kioo, kifaa kikiwa kimelazwa, humeza karibu nusu ya eneo, hivyo mwandishi hubaki akiona mistari michache ya alichokiandika. Mfumo wa iPadOS 26 uliotoka mwaka 2025 uliruhusu programu kufunguliwa katika madirisha yanayopangwa kama ya kompyuta, na ruhusa hiyo imefika hadi kwa iPad mini, lakini madirisha mawili kwenye inchi 8.3 hubanana kiasi kwamba faida yake huonekana zaidi katika matangazo kuliko katika kazi.

Kuhusu nguvu ya ndani sina malalamiko makubwa. Prosesa ya A17 Pro pamoja na kumbukumbu ya GB 8 zinatosha kuhariri picha na video fupi, hifadhi ya chini kabisa imepandishwa kutoka GB 64 hadi GB 128, na betri imekadiriwa na kampuni kudumu hadi saa 10 za kuperuzi intaneti kwa Wi-Fi. Kioo, hata hivyo, bado hujionyesha upya mara 60 tu kwa sekunde, katika wakati ambao simu nyingi za bei ya kati hufikia 90 au 120. Apple Intelligence, yaani huduma za akili unde za kampuni hiyo, iliyotumika sana kulitangaza toleo hili, isimvute mtu anayetaka kufanya kazi kwa Kiswahili, kwa sababu hadi mwishoni mwa mwaka 2025 lugha yetu haikuwa miongoni mwa zile inazozihudumia.

Suala la laini ya simu halipewi uzito unaostahili. iPad mini yenye uwezo wa mtandao wa simu hupokea laini ya eSIM pekee, yaani laini ya kielektroniki isiyo na kadi, tundu la kadi likiwa limeondolewa, kwa hiyo ni lazima mnunuzi aulize kwanza kama kampuni yake ya simu hutoa eSIM kwa vishikwambi na siyo kwa simu tu. Hata ikipatikana, laini hiyo ni ya data: kifaa hakina sehemu ya kupiga simu ya kawaida wala kubonyeza namba za menyu, hivyo mtu hawezi kuingiza *150*00# na kutuma pesa kwa M-Pesa kama anavyofanya kwenye simu ya tochi. Vishikwambi vingi vidogo vya Android vyenye laini huweza kupiga simu, na kwa mfanyabiashara mdogo hilo laweza kuwa na uzito kuliko prosesa yoyote. Aidha, iPad mini ya Wi-Fi pekee haina GPS. Ramani zake hukisia mahali kutokana na mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, jambo lisilotegemewa kijijini, na anayekinunua kwa ajili ya kupima mashamba au kuendesha utalii porini hana budi kulipia toleo lenye laini, hata kama hatanunua kifurushi cha data kamwe.

Bei ndiyo inayokamilisha hesabu. Nchini Marekani iPad mini ilitolewa kwa dola 499, na yenye laini kwa dola 649, wakati iPad ya kawaida ya inchi 11 iliyotoka Machi 2025 ilianzia dola 349. Kwa maneno mengine, mnunuzi wa iPad mini hulipa dola 150 zaidi na kupata kioo chenye eneo linalozidi kidogo nusu ya kile kingine. Katika miji yetu, ambako Apple haina maduka yake na bidhaa hupitia kwa wauzaji wa kati na forodha, bei zote mbili hupanda. Anayeilipia tofauti hiyo anapaswa kuwa na hakika kwamba atakishika kifaa mkononi sehemu kubwa ya siku na kwamba ana kompyuta nyingine ya kazi za mezani. Rubani, daktari, mhandisi wa eneo la ujenzi na msomaji wa vitabu wanayo hakika hiyo, na kwao sioni kifaa kingine cha kukishinda. Mwanafunzi wa chuo ambaye fedha zake zinatosha kifaa kimoja tu hana, na namshauri achukue iPad ya inchi 11 na kibodi ya kawaida ya Bluetooth, apate pia nafasi ya kusoma karatasi za A4 bila kukunja uso.

Kwa anayependa udogo lakini bei inamshinda, toleo la mwaka 2021 lenye prosesa ya A15 na kioo cha ukubwa uleule bado linapatikana likiwa limetumika, na kwa kusoma na kuandika mambo mafupi linatosha kabisa. Akague mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, hifadhi, kwa sababu GB 64 hujaa upesi na hakuna mahali pa kuongeza kadi ya kumbukumbu. Pili, kioo, kwa kukisimamisha kifaa wima na kusogeza maandishi kwa haraka: katika toleo hilo baadhi ya watumiaji walilalamika kwamba upande mmoja wa maandishi husogea kabla ya mwingine, na mtu akiisha kuiona kasoro hiyo huendelea kuiona kila siku.