Maumivu ya tumbo yaliyobaki nyumbani

Kati ya Machi 29 na Aprili 25, 2020, janga la UVIKO lilipoanza, idara za dharura za Marekani zilihudumia wastani wa wagonjwa milioni 1.2 kwa wiki. Kipindi kama hicho mwaka 2019 walikuwa milioni 2.1. CDC, kituo cha nchi hiyo cha kudhibiti magonjwa, kilikokotoa upungufu wa asilimia 42. Huko England, Aprili hiyo waliofika kwenye idara kama hizo walipungua kwa asilimia 57.

Tangu hapo kuna hoja inayorudiwa: ikiwa karibu nusu ya wagonjwa walitoweka, basi wengi wao hawakuwa na sababu ya kuja. Hoja hiyo ina mashiko yake. Shule zilipofungwa na watu wakanawa mikono, kuharisha na kutapika kwa watoto kulipungua. Hospitali nne za Israeli ziliona wagonjwa wa kidole tumbo wakipungua kwa takribani asilimia 40, na wenye hali mbaya hawakuongezeka, jambo linaloashiria kuwa baadhi walipona wenyewe nyumbani. Kisha kuna gharama ya kuja bila sababu: mionzi ya CT, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa eksirei, na bili ambayo Mmarekani huweza kuilipa kwa miaka.

Lakini kuna takwimu moja ya CDC ambayo siwezi kuipita haraka. Kundi lililopungua kuliko yote lilikuwa la maumivu ya tumbo na dalili nyingine za tumboni: pungufu 66,456 kila wiki. Kwa wiki nne ni zaidi ya laki mbili na nusu. Hakuna anayejua walikuwa na nini, kwa sababu tumbo halijitaji. Gesi, mawe kwenye kifuko cha nyongo, utumbo uliojisokota, mimba iliyotunga nje ya kizazi: vyote huweza kuanza kwa maumivu yaleyale ya saa nane usiku. Daktari mzoefu akilibonyeza tumbo bado hukosea, ndiyo maana hupeleka mgonjwa kwenye altrasaundi au CT. Vipi basi tumtarajie mama aliye peke yake jikoni, anayeiogopa UVIKO, ajipime mwenyewe?

Hospitali kadhaa ziliripoti kuwa picha za CT za tumbo zilipungua, ila sehemu ya zilizoonyesha ugonjwa ikapanda. Wapo walioliita hilo ufanisi. Tupige hesabu ya mfano. Watu 100 wanapigwa picha, 30 wana ugonjwa. Mwezi unaofuata wanakuja 50, wenye ugonjwa ni 20. Kiwango kimepanda kutoka asilimia 30 hadi 40, na mkuu wa idara anafurahi. Wale kumi wako wapi? Ndani ya asilimia hawaonekani, kwa kuwa asilimia huwahesabu waliofika tu.

Kwa moyo tunayo dalili ya jibu. Katika wiki kumi baada ya Marekani kutangaza hali ya dharura, Machi 13, 2020, waliofika kwa shambulio la moyo walipungua kwa asilimia 23, na kwa kiharusi asilimia 20. Sioni jinsi mishipa ya moyo ingezibuka ghafla kwa sababu nchi imejifungia. Hofu hiyohiyo ilikuwa kwenye matumbo.

Na picha isiyoonyesha kitu si hasara. Inamrudisha mtu nyumbani akiwa na jibu. Mwaka huohuo baadhi ya walioletwa kwa maumivu ya tumbo peke yake walikutwa na UVIKO, kwa sababu picha ya tumbo hugusa pia sehemu ya chini ya mapafu.

Kupunguza vipimo kunawezekana, na tuliona namna nyingine mwaka 2022. Shanghai ilipofungwa, kiwanda cha dawa inayochomwa mshipani ili picha ya CT iwe wazi kilikwama, na hospitali za Marekani zikapungukiwa. Madaktari wakachagua: huyu altrasaundi inamtosha, huyu CT bila dawa, yule, dawa tuliyobakiza ni yake. Vipimo vilibanwa, lakini kila mmoja wa wagonjwa hao alikuwa amelala mbele ya daktari, tumbo lake limeguswa, na aliyesema "subiri" ni mtu aliyekuwa na uwezo wa kubadili uamuzi saa mbili baadaye. Wale 66,456 wa kila wiki waliambiwa "subiri" na hofu.