Barua pepe za chama: seva yenu au nyumba ya kupanga?

Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kwamba kumbukumbu za Yahoo Groups, huduma yake ya orodha za barua pepe za makundi, zitafutwa, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma nzima ikazimwa. Vyama vya kitaaluma vilivyokuwa vimepanga humo vilijikuta vinahama mbiombio. Leo wanaohama zaidi ni wale ambao orodha yao ya barua pepe imekaa miaka kwenye Mailman 2.1, programu ya kusambaza barua moja kwa wanachama wote, katika seva ya chuo au ya mfadhili. Programu hiyo inategemea Python 2, toleo la lugha ya programu lililokoma kuhudumiwa 1 Januari 2020, na fundi wa seva hawezi kuivumilia milele. Swali ni kama chama kiendeshe seva yake au kipange kwa kampuni.

Hoja ya WhatsApp tuimalize mapema, maana haikosi kutajwa kikaoni. Kundi lake linabeba watu 1,024, namba ya kila mmoja inaonekana na wote, na anayejiunga leo haukuti mjadala wa mwaka juzi. Kukumbushana tarehe ya mkutano inatosha. Swali la kitaalamu linalojibiwa kwa aya nne, na kutafutwa tena baada ya miaka mitano, linazama humo siku hiyohiyo.

Wanaotaka seva yao wana hoja nzito. Mailman 3 ni ya bure, kumbukumbu zinabaki mikononi mwa chama, na hakuna kampuni itakayoamka siku moja na kubadili bei. Kuiweka si kazi kubwa kwa fundi anayejua Linux. Kazi ni kuzifikisha barua. Kampuni nyingi za seva za kukodi hufunga mlango namba 25, ambao barua pepe hutokea, mpaka uombe. Anwani mpya ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) haina sifa yoyote, kwa hiyo barua za majuma ya kwanza zinaweza kuishia kwenye folda ya taka. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti: Gmail humtaka anayetuma barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wake awe na vitu vitatu kwa pamoja: SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @), DKIM (saini ya kidijitali ndani ya barua) na DMARC (agizo la mwenye kikoa kuhusu barua isiyothibitishwa na hivyo viwili). Idadi hiyo si ya matapeli tu. Wanachama 500 wa Gmail na mjadala wa barua kumi kwa siku, mmefika.

DMARC ndiyo inayoumiza orodha kuliko yote, na wengi hawaoni inavyofanya kazi. Mwanachama mwenye anwani ya Yahoo anaandika kwenye orodha. Seva ya orodha inaongeza jina la chama kwenye mabano mwanzoni mwa kichwa cha barua na mistari miwili ya kujitoa mwishoni mwa barua. Papo hapo saini ya DKIM inavunjika. SPF nayo haimwokoi, kwa kuwa barua sasa inatoka kwenye seva ya chama. Tangu Aprili 2014 Yahoo inaagiza barua ya namna hiyo ikataliwe, basi Gmail inaikataa. Mailman inaiona barua iliyorudi, na adhabu inamwangukia mpokeaji wa Gmail: anaongezewa alama, zikifika tano usajili wake unasimamishwa. Mtu hajatenda kosa lolote, na barua zimekatika. Dawa ni kuiagiza Mailman iweke anwani ya orodha kwenye sehemu ya mtumaji, ili isomeke “Asha kupitia orodha”. Haipendezi, na wengine wanaweza kudhani wanamjibu Asha faraghani kumbe wanawajibu wote, lakini barua zinafika.

Huduma za kupanga kama Groups.io na Google Groups hukuondolea mzigo huo wote. Zina kamba zake, hata hivyo. Groups.io tangu 2021 inaweka ukomo wa wanachama 100 kwa kundi jipya la bure. Google Groups ya kawaida haina njia ya kuingiza barua za zamani. Mpaka chama kiwe na Google Workspace, huduma ya Google kwa taasisi, na hata hapo fundi apitie API maalumu (njia ya programu moja kuiagiza nyingine). Kikoa cha chama nacho mara nyingi hupatikana kwenye mpango wa kulipia tu.

Kwa chama kisicho na fundi wa kudumu, tungelipa. Seva yenu wenyewe inafaa pale tu watu wawili wanapokuwa na funguo zake na wote wawili wanapatikana. Fundi mmoja wa kujitolea akipata kazi nyingine, mmerudi mlikotoka. Ila msipange bila kikoa chenu. Anwani ya orodha ikiwa ya chama, kuhama tena ni kubadili rekodi za DNS, zinazoelekeza kikoa kwenye seva. Ikiwa ya kampuni, kila mwanachama ahifadhi anwani mpya. Na kabla ya kulipa mwaka mzima, jaribuni mlango wa kutokea: shusheni kumbukumbu kama faili la mbox (barua zote katika faili moja) na majina kama CSV (jedwali la maandishi), mfungue, mhesabu.

Siku ya kuhama, msichukue anwani peke yake. Amri ya list_members ya Mailman 2.1, inayotoa orodha ya wanachama, ina chaguo la kutenga wanaopokea muhtasari na la kutenga waliosimamisha barua. Mkiwachanganya, aliyekuwa akipata barua moja jioni ataamkia arobaini, na atajitoa kabla hajasoma maelezo yenu. Lipitisheni faili la mbox kwenye cleanarch, amri ya Mailman 2.1 ya kusafisha kumbukumbu, kwanza: mstari wa ndani ya barua unaoanza na “From” na nafasi huweza kusomwa kama mwanzo wa barua nyingine, kumbukumbu ikajaa vipande visivyo na mwandishi wala tarehe. Kurasa za zamani za kumbukumbu ziacheni palepale kama HTML tupu, kwa kuwa viungo vyake vimeshanakiliwa kwenye ripoti na tasnifu za watu.