Rangi ya machoni: kudungwa ama picha tu yatosha?

Juzi kwenye kahawa hapa Mji wa Kale pakawaka moto wa mabishano. Ami yangu ana sukari miaka mingi, sasa jicho la kulia limeingia ukungu ghafla na daktari kamwandikia angiografia, ile picha ya mishipa ya jicho ya kudungwa rangi mkononi. Jirani yake akaruka, ati hiyo ni sumu na siku hizi kuna mashine inaona mishipa bila sindano. Jirani hajakosea kabisa, ila kachanganya mambo.

Rangi yenyewe ni fluoresini. Ikiingia mshipa wa mkono, sekunde kama 10 hadi 15 ishafika kwenye retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, wanamulika mwanga wa buluu, rangi inang'aa kijani na kamera inapiga picha mfululizo dakika kadhaa. Mshipa ulioziba, eneo lake linabaki giza, na unaovuja unaona doa linazidi kutanda kila dakika. Kazi yote iko hapo kwenye kuvuja. Ile mashine mpya, OCTA, inasoma mwendo wa damu tu, kwa hivyo mishipa iliyoziba au iliyoota vibaya itaonyesha tena vizuri sana, na waweza kurudia hata mwezi ujao bila kuchomwa, lakini kuvuja haioni, na mgonjwa asiyeweza kutuliza jicho picha zinaharibika.

Hofu nayo si ya kuchekwa. Wengine wanapata kichefuchefu au upele, na mara chache sana mzio mkali wa kukata pumzi, ndo maana chumba kisicho na adrenalini, dawa ya kuokoa mzio mkali, mimi siingii. Ngozi inageuka manjano masaa kadhaa na mkojo unakuwa kama juisi ya maembe mpaka kesho yake, hiyo usishtuke. Mjamzito kwa kawaida huambiwa asubiri.

Mimi naona hivi: kama ni cheki ya kila mwaka, matone ya kupanua mboni na picha ya kawaida ya retina yatosha, rangi ya nini? Na kama skani ya OCT, ile ya mwanga inayopima unene wa retina bila sindano, ishaonyesha uvimbe katikati ya retina na matibabu yajulikana, pesa si za kuchezea, heri ziende kwa dawa kuliko kipimo kingine. Lakini kama nguvu ya kuona imeshuka na sababu haieleweki, au daktari ataka kujua leza ipigwe wapi, hapo rangi bado haijapata mpinzani.

Ami yuko kundi hilo la mwisho, nikamwambia aende. Jirani bado akashika, "Huyu akila kamba wa baharini huwashwa, na kamba wana ayodini, ataiweza rangi yenye ayodini?" Wapi, fluoresini haina ayodini, yenye ayodini ni ile rangi nyingine, indosyanini, ya mishipa iliyo chini ya retina. Hata hivyo hao kamba awataje kwa daktari, na figo zake pia, maana rangi hutoka mwilini kupitia figo.