Pesa ya mama kupumzika kabla ya kujifungua, ni sadaka ama ni tiba?

Juzi jioni nilipita sokoni nikakuta mama mboga mmoja tumbo limeshuka kabisa, ameinama anainua kreti ya nyanya aiweke kwa meza. Nikamshikia upande mmoja nikamwambia, mama, si ungepumzika sasa, akanijibu "nikipumzika watakula nini?" Hilo jibu halijanitoka hadi leo.

Manake hapa Kenya tumezoea kwamba afya ni mambo ya daktari na dawa, umaskini ni mambo ya wizara ingine huko. Lakini angalia kaunti ya Siaya, huko magharibi mwa Kenya. Kati ya 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly, lenye linapeana pesa taslimu kwa maskini, waligawa karibu dola 1,000 kwa kila nyumba maskini, zaidi ya nyumba 10,000, bila masharti, hakuna mtu wa kukuuliza umenunua nini. Watafiti waliporudi baadaye wakahesabu watoto waliozaliwa na waliofariki kwenye vijiji 653, wakakuta vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilikuwa vimepungua kwa asilimia 48. Nusu hivi! Na si eti pesa ilinunua dawa fulani ya ajabu, ni vile wamama walipunguza kazi kwa karibu nusu ile miezi mitatu kabla ya kujifungua na mitatu baadaye, na kujifungulia hospitali kukapanda kwa asilimia 45. Yaani kreti ilibaki chini na pesa ya gari ikapatikana.

Sasa kuna wenye wanapinga na wana hoja, si watu wa kupuuzwa. Ule utafiti wenyewe unaonyesha waliofaidika ni wale pesa iliwapata karibu na wakati wa kuzaa, ikishaisha faida nayo inaisha. Tena vifo vilipungua zaidi kwa wale wako karibu na hospitali iko na daktari, kwa hivyo ukimpa mama pesa na hospitali iko mbali na daktari hayuko, umemsaidia kula vizuri, sawa, lakini damu ikianza kumwagika usiku hizo noti hazimshoni. Mtu wa kaunti akiniambia afadhali hiyo pesa iajiri manesi siwezi kumwita mkatili.

Halafu nani apewe? Siaya walichagua nyumba za paa la nyasi. Sasa yule jirani aliyejinyima, akachukua mkopo wa chama akaezeka mabati mwaka uliopita, anaachwa nje juu ya bidii yake, na hiyo inauma sana. Ingawa niseme pia ile hofu ya kwamba bei zingepanda kijijini haikutokea, zilipanda kwa asilimia 0.1 hivi tu, na pesa ikazunguka mpaka ikafika kwa biashara za wale hawakupewa.

Mimi naegemea upande wa kupeana, lakini si hela kubwa ya mara moja kwa kila mtu, ni pesa inayokuja kwa ile miezi sita, mitatu kabla ya kujifungua na mitatu baadaye. Shemeji yangu aliwahi kuzuiliwa wodini siku nne na mtoto mchanga juu ya bili, tukachanga kwa WhatsApp mia mia mpaka ikatosha, na wakati huo wote hakuna dawa alikuwa anangojea, ni pesa tu.

Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, inalipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 kwenda juu, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, na ni haki yao, ila mama mjamzito hayuko kati ya hayo makundi. Kwa kiwango hicho hicho miezi sita ni 12,000 kwa kila mama. Na kutafuta paa za nyasi si lazima, tangu 2023 kuna wale wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wanazunguka nyumba kwa nyumba, hao wanajua nani ako na mimba ya miezi sita na bado anabeba kreti.